Usimuulize "Uko Poa?": Kuchagua Njia ya Baiskeli kwa Kikundi cha Watu wa Kila Aina

Haya niliongea Jumamosi asubuhi ndani ya msitu wa Karura, Nairobi, mbele ya wenzetu wanaoanza kuongoza misafara ya baiskeli za milimani. Nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni.

Hamjambo nyote. Sogeeni karibu kidogo maana upepo unakula maneno, na wale mmeegemeza baiskeli kwa miti michanga hebu zilazeni kwenye nyasi. Asanteni sana kwa kuamka, najua Jumamosi saa moja asubuhi blanketi lina nguvu zake.

Naanza na kitu kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka watu tisa Ngong Hills. Mmoja alikuwa mgeni kwetu lakini si mgeni kwa baiskeli, jamaa wa lami, anatoka Nairobi mpaka Naivasha anafika bado anapiga stori. Kabla tuanze nikamuuliza, uko poa? Akanijibu, niko poa. Basi, uchunguzi wangu wote uliishia hapo.

Kupanda alituacha wote. Tulimkuta huko juu anatungoja, anatabasamu, hata jasho hana. Tukaanza kuteremka, na hapo ndio nikaona kitu ambacho ningekijua tangu asubuhi kama ningeuliza vizuri: jamaa ameketi kwa kiti, mikono imekakamaa kama mbao, breki zote mbili amezifinya tangu juu, na ile njia ni changarawe juu ya udongo mgumu, ukikanyaga ni kama umekanyaga punje za mahindi kwa sakafu ya simiti. Katikati ya mteremko vidole vikamchoka, akalegeza, baiskeli ikashika kasi, akashtuka akafinya ya mbele kwa nguvu zote. Akavunjika mtulinga. Tulimshusha kwa miguu zaidi ya saa moja, mkono tumeufunga na leso, na njia nzima yeye ndio alikuwa ananiambia pole kwa kutuharibia siku. Ile pole sijaisahau, manake kosa halikuwa lake hata kidogo. Mimi ndio nilichagua njia, na niliichagua kwa kuangalia miguu yake peke yake.

Kwa hivyo leo mkisahau mengine yote naomba mshike hili: mtu wa baiskeli ya milimani ana vipimo viwili. Kuna pumzi na kuna mikono. Pumzi ni mapafu na miguu, ataweza kupanda kiasi gani na atakaa kwa kiti masaa mangapi. Mikono ni ile kazi yote ya kuteremka, kushika breki kidogokidogo badala ya kuzing'ang'ania, kusimama kwa pedeli, kurudisha mwili nyuma, kupitisha gurudumu kwa mizizi, kuangalia mbali badala ya kuangalia jiwe unaloogopa (ukiliangalia utaligonga, kila aliyeanguka anajua). Na hivi vitu viwili havitembei pamoja. Kuna dada mmoja kwetu anapanda polepole sana, tunamngoja kila mlima, lakini amekulia mashambani akiteka maji na baiskeli ya babake kwenye mteremko wa mawe, akianza kushuka unaona tu vumbi. Huyo ukimpa njia fupi yenye mteremko mkali atafurahi, ukimpa njia ndefu laini utamuua. Yule jamaa wangu wa Ngong ni kinyume chake kabisa. Halafu sisi viongozi tunachukua watu kama hao wawili tunawaandika wote "wa kati", tunatafuta njia ya kati. Njia ya kati kwa nani?

Sasa utajuaje? Kwa kuuliza, lakini si "uko poa". Hakuna Mkenya atakwambia hayuko poa mbele ya watu, hata akiwa na homa. Wala usimuulize kama ni mwanzilishi ama ni mzoefu, manake kila mtu anajipima na marafiki zake. Muulize kitu kilichotokea. Mara ya mwisho uliendesha kwa udongo ilikuwa lini, na ilikuwa wapi? Ulikaa kwa baiskeli masaa mangapi, na kesho yake uliamkaje? Masaa ni bora kuliko kilomita kwa sababu kilomita 40 za lami na kilomita 40 za msituni ni vitu viwili tofauti kabisa. Halafu swali langu la maana kuliko yote: ukifika mahali pa kuteremka kuna mawe na kona, huwa unafanya nini? Mtu akikujibu "huwa nashuka natembea", mshukuru kutoka moyoni, amekupa ramani ya siku yako. Huyo ni mtu salama. Mtu wa kuangalia kwa makini ni yule anajibu tu "napita."

Na tafadhali muulize kila mtu peke yake. Nimeona mara nyingi jamaa anakuja na mke wake ama mpenzi wake, unamuuliza dada, anayejibu ni jamaa, "ah huyo ako sawa." Mvute dada kando, tena kwa heshima, mwambie nataka kujua wewe unapenda nini. Mara nyingi utasikia habari tofauti. Vijana pia wakiwa na baba yao hivyo hivyo. Na wageni kutoka Pwani, jamani, waulizeni wamefika lini. Mtu ametoka Mombasa jana usiku, amezoea hewa ya usawa wa bahari, hapa tuko juu zaidi ya mita 1,600, Ngong kileleni ni kama 2,460. Anaweza kuwa na nguvu kushinda nyinyi wote lakini mlima wa kwanza utamwonyesha nyota, na mtu aliyekosa pumzi akifika juu mikono yake pia haifanyi kazi vizuri. Mpe mwanzo wa polepole sana.

Mkimaliza maswali, tazameni kwa macho. Mimi huwa napeleka kila mtu dakika kumi mahali rahisi, kamteremko kafupi na kona moja, nasimama chini naangalia tu. Nani ameketi, nani amesimama, nani anafinya mpaka magurudumu yanaburuta. Dakika kumi hizo zingeuokoa ule mtulinga.

Haya, tumemjua mtu, tuje kwa njia.

Huko nje kuna watu walikaa chini wakatengeneza vipimo vya njia. Chama cha waendesha baiskeli za milimani kiitwacho IMBA, kilichoanzishwa 1988 kule Marekani, kilichukua alama za watu wa kuteleza kwenye theluji: duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa wastani, almasi nyeusi ni ngumu, almasi mbili nyeusi ni ngumu kupindukia. Uingereza wao wana nyekundu katikati ya bluu na nyeusi. Ujerumani kuna kipimo cha S0, rahisi kabisa, mpaka S5, ngumu kabisa. Njia zetu nyingi hapa hazina kibao cha rangi yoyote, lakini ule utaratibu wa kupima unaweza kuubeba kichwani. Kwa IMBA kijani ni njia yenye upana wa kama sentimita 90, udongo umeshikana, mwinuko wa wastani usizidi asilimia 5, na pale pakali kabisa pasizidi 15, yaani ukisonga mbele mita 100 umepanda ama umeshuka mita 15. Kizingiti, yaani jiwe ama mzizi, ambacho huwezi kukikwepa kisizidi sentimita 5. Bluu njia inabana kuwa kama sentimita 60 na vizingiti vinafika kama sentimita 20. Nyeusi ni kama sentimita 30 kwa upana, udongo unabadilikabadilika, na vizingiti vinaweza kufika karibu sentimita 40, hio ni juu ya goti la mtoto.

Mmesikia hilo neno, ambacho huwezi kukikwepa? Hapo ndio roho ya jambo ilipo. Jiwe kubwa katikati ya njia pana si tatizo, mwenye kutaka ataliruka na mwingine atapita kando. Lakini kilomita 11 za njia laini ambazo mwisho wake ni mteremko mmoja wa mita 50 wenye mizizi iliyolowa na hakuna pa kupita, hio njia kwa mgeni wako si rahisi, ni ngumu kama zile mita 50. Ubaya zaidi ni kwamba anazifikia akiwa amechoka. Pima njia kwa mahali pake pabaya kuliko pote, halafu jiulize: hapa mtu akitaka kutembea, kuna nafasi ya kutembea? Kuna njia ya kukatiza kabla ya hapa? Jibu likiwa hapana na hapana, usimlete mtu hapo.

Na upite wewe mwenyewe kabla, wiki hiyohiyo, si kutegemea ulivyopita mwezi wa pili. Watu watakwambia njia fulani ni tamu. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea, kwa hivyo muulize imemnyea akiwa na baiskeli gani na mwezi gani. Mtu mwenye baiskeli ya springi mbele na nyuma na magurudumu ya inchi 29 hayahisi mawe ambayo yatamtoa meno mtu mwenye baiskeli ya kukodi.

Huu udongo mwekundu wa hapa Karura ukikauka ni zulia, mvua ikinyesha usiku kucha unageuka sabuni, na hapo njia yako ya kijani imekuwa ya bluu bila kibao chochote kubadilika. Kuna jambo lingine la mvua linanichoma roho. Mtu akifika kwa dimbwi anaogopa kupita katikati, anazunguka pembeni, wa pili anazunguka zaidi, kufikia wa kumi ile njia ya sentimita 60 imekuwa barabara ya ng'ombe na miche imekanyagwa. Huu msitu uko hapa kwa sababu kuna watu waliupigania, Wangari Maathai alipigwa mpaka damu ikamtoka kichwani hapahapa Januari 1999 akijaribu kupanda mti. Siwezi kuona tunauharibu kwa sababu kiongozi alichagua njia isiyofaa watu wake siku hiyo. Kumenyesha sana? Kaeni kwa zile barabara pana za maramu, ama ahirisheni.

Sasa umbo la safari. Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu hapa ndio penye utamu, na ndio sababu napenda kuanzisha watu Karura. Msitu una zaidi ya hekta 1,000 na makutano ya njia yana vibao vya namba. Manake yake ni nini? Unaweza kuchora safari kama ua. Kuna kitovu katikati, mahali pana, pana kivuli, na kutoka hapo kuna petali, kila petali ni mzunguko unaotoka na kurudi palepale. Petali la kwanza kila mtu anaenda, barabara pana, dakika ishirini. Mkirudi kitovuni mnapumzika, na hapo mtu akihisi imetosha anabaki, anakula ndizi yake, si aibu kwa mtu yeyote, gari liko karibu. Petali la pili ni kinjia chembamba cha mizizi kidogo. Petali la tatu ni kwa wale wenye mikono, wanaingia kule kwa kona na miteremko wakati wengine wanarudia la kwanza ama wanatembea kwa miguu kwenda kuona maporomoko ya maji. Wote wanakutana tena. Hakuna aliyeachwa, hakuna aliyeburutwa. Mwenye nguvu hapaswi kuteseka nyuma ya mgeni asubuhi nzima, atachoka na kikundi na hatarudi, na sisi tunamhitaji, yeye ndio anaziba pancha za watu.

Njia ya kutoka hapa mpaka kule bila kurudi, kama ule mgongo wa Ngong mpaka Kona Baridi, haina petali. Ukianza umeanza. Upande mmoja ni bonde, upande mwingine ni mteremko, na upepo huko si wa kawaida. Mitambo ya umeme wa upepo iliwekwa pale tangu 1993 kwa sababu upepo upo, na ule upepo unamsukuma mtu mwepesi pembeni baiskeli na yeye. Kwa hivyo Ngong yangu saa hizi ni ya watu ambao nimeshawaona wakishuka mahali pengine angalau mara tatu. Sitaki mtu anibembeleze.

Hell's Gate nayo, ile mbuga ya karibu na Naivasha, watu wanaidharau ati ni tambarare. Ni kweli kutoka Elsa Gate mpaka kule kwa korongo ni kama kilomita 7 ama 8 za barabara pana, unapita lile jabali la Fischer's Tower, unaona pundamilia na ngiri, mtoto wa miaka kumi anaweza. Lakini ugumu wake hauko kwa mwinuko. Kuna mchanga, na mchanga hauhitaji nguvu, unahitaji mikono: ulegeze mabega, gia nyepesi, uendelee kuzungusha miguu, usikate kona ghafla. Kuna jua, hakuna mti. Kuna nyati. Na ukisema tuzunguke upande wa Buffalo Circuit, hio inapanda, imekuwa siku nyingine kabisa. Kwa hivyo kundi la watu tofauti pale mimi naligawanya hivi, wote pamoja barabara kuu mpaka mwisho, tunapumzika vizuri, halafu wenye pumzi wanarudi kwa kuzunguka kule juu na wengine wanarudi walikotoka. Na yule wa nyuma kabisa hawi peke yake hata dakika moja, pale kuna wanyama wa kweli. Mkitaka kushuka kwenye korongo kwa miguu angalieni mawingu, hata ya mbali. Maji ya ghafla yaliua watu mle 2012 na tena 2019. Kukiwa na dalili ya mvua kokote, hakuna korongo.

Jambo la kupumzika. Hili mtalifanya vibaya kwa nia njema, kama nilivyofanya mimi miaka mingi. Wenye mbio wanafika juu, wanakunywa maji, wanapiga picha, dakika kumi zimeisha, wa mwisho anafika anahema, na kila mtu anasema haya, tuko wote, twende! Wale waliopumzika dakika kumi ndio wanaondoka wamepumzika, na yule aliyehitaji kupumzika amepumzika sifuri. Fanyeni hivyo mara nne umemvunja mtu. Hesabu ya mapumziko inaanza wa mwisho akishaweka mguu chini. Yeye ndio anasema twende. Nimeona watu wakipata nguvu mpya kwa kupewa hilo neno moja tu.

Na masaa. Kundi lenye wageni kwenye njia ya msitu piga hesabu ya kilomita 8 kwa saa, pamoja na pancha na kungojana, usidanganywe na kasi yako mwenyewe kwa simu. Kilomita 20 ni masaa mawili na nusu kwenda matatu. Jua letu linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni na giza halingoji mtu, kwa hivyo safari ya alasiri ikianza saa tisa, kilomita 20 tayari ni nyingi.

Baiskeli zenyewe nitapita haraka. Za kukodi na za mtumba zimetoka nchi tofauti, kuna ambayo breki ya mbele iko mkono wa kulia na kuna ambayo iko kushoto. Kila mtu afinye kila breki ajue ni ipi kabla hajaanza kushuka. Kwa watoto na watu wenye mikono midogo sogezeni zile wenzo za breki karibu na mpini, kuna skurubu ndogo pale, vidole visipofika vizuri mtoto hana breki hata kama breki ni nzima. Na kumbukeni mtoto wa kilo 25 akiendesha baiskeli ya kilo 12 anabeba karibu nusu ya uzito wake. Kilima ambacho wewe hukihisi kwake ni mlima. Teremsheni viti vya wanaoogopa, miguu yote iguse chini, woga unapungua nusu hapohapo. Helmeti sihitaji kuongea.

Kuna mtu aliniuliza pale getini, je, mgeni atajifunza lini akipelekwa rahisi kila siku? Swali zuri. Atajifunza kwa kuongezewa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kama leo njia ni ndefu kuliko alivyozoea, basi iwe laini. Kama leo kuna mizizi, basi iwe fupi, na iwe asubuhi, na muirudie mara tatu palepale mpaka acheke. Ukimwongezea urefu na ugumu na tope siku moja hajifunzi chochote, anajifunza tu kuogopa, na woga huo ukiingia mtu anaiweka baiskeli anakausha nguo juu yake miaka mitano.

Yule jamaa wangu alirudi. Ilichukua miezi saba. Tulianza na kile kinjia kiko nyuma yenu hapo, kile cha mianzi, tukapanda kwa miguu tukishika baiskeli, tukateremka mita thelathini, tukapanda tena. Asubuhi nzima mita thelathini. Leo yuko hapa, amekaa pale mwisho na jezi ya kijani, na yeye ndio ataongoza petali la pili.

Sasa tugawanyike. Wale sijawaona mkishuka njooni na mimi pale chini kwa kamteremko, mmoja mmoja, hakuna haraka. Wengine angalieni hewa kwa tairi, na kitovu chetu leo ni ile miti mitatu mikubwa karibu na maji. Tukutane pale saa mbili na nusu.